Shaba Niliyoahidiwa

Mama Mchungaji alipoingia ua wa parsele yetu mara ya kwanza, mume wangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba akipiga mbabula za watu, majiko ya makaa, na mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani. Alinisalimia vizuri, nikamwitikia vizuri. Akauliza fundi yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole bila kuinuka, kwa sababu nilikuwa na kola ya mteja chini ya sindano. Ningejua, ningeinuka.

Alikuwa mgeni Kamina. Kanisa letu lilikuwa limeletewa mchungaji mwanamke kwa mara ya kwanza, mjane wa makamo aliyesomea mambo ya dini Lubumbashi, mwenye viatu visivyo na kisigino na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Hakuwa msichana. Angekuwa msichana ingekuwa rahisi kwangu, maana msichana ningejua namna ya kumfukuza.

Nikasikia nyundo imenyamaza. Halafu sauti yake, halafu ya mume wangu.

"Kinara ya taa saba? Minyi nitakata chuma, nitasude vipande vishikane, itaisha mbio."

"Hapana kusude, Baba. Torati inasema kinatoka mu kipande kimoja. Kitako, mti, matawi, maua, yote inatoka ndani ya kipande kimoja, kwa nyundo tu."

"Haiwezekane!"

"Musa naye alisema vile vile."

Mume wangu akacheka. Cheko lile sikuwa nimelisikia tangu treni zilipoanza kupungua. Yeye ni mtu wa atelye, karakana ya reli, fundi wa kupinda mabati na kuziba matangi, kama baba yake kabla yake. Siku hizi asubuhi anakwenda atelye, na mara nyingi anakaa tu na wenzake wakisubiri mashine ya treni ambayo haiji. Mchana anarudi kupiga mbabula na milango. Anafanya kazi akiwa kimya. Anakula akiwa kimya. Sasa alikuwa anacheka nyuma ya nyumba yangu na mwanamke ambaye hajamaliza hata saa moja katika parsele.

Aliporudi mara ya pili alikuja na kitabu. Kilikuwa kinene, cha Kifaransa, chenye maelezo ya walimu wa Kiyahudi wa zamani juu ya Torati. Nilidhani atasoma sura moja na kwenda zake. Lakini walimu wale, nilikuja kujua, hawaachi neno lipite bila kulishika shati. Kila tawi la kinara lilikuwa na kesi yake. Matawi yamepinda au yamenyooka? Maua yanatazama juu au chini? Na mume wangu, ambaye mimi nikimwuliza mboga ya sombe iwekwe chumvi au bado ananijibu kwa mabega, akawa na maoni. Alichora kwa chaki juu ya bati. Mama Mchungaji akafuta kwa kiganja, akachora yake. Mume wangu akachukua chaki mkononi mwake. Mkononi mwake! Mimi nilikuwa barazani nashona suruali ya mtu, nikashona mfuko ukafungika wote.

Jioni, mezani, ilikuwa hiyo hiyo. "Mama Mchungaji anasema dhahabu yake ilikuwa safi kabisa." "Mama Mchungaji anasema kile kinara kilikuwa kizito sana." Nikamwekea bukari mbele yake na samaki wa Bukama aliyekaangwa namna anavyopenda, akamla samaki mzima bila kusema kitu juu yake.

Nikaanza kuona mambo. Siku ambazo Mama Mchungaji anakuja, mume wangu ananawa mpaka viwiko na kuvaa shati. Mtu anayepiga vyuma, avae shati lililopigwa pasi! Na pasi niliipiga mimi. Tena alimwitikia "Eyo vidye", jibu ambalo sisi Waluba tunawapa wakubwa, chifu au baba mkwe, ukiwa umepiga makofi kidogo. Mimi sijawahi kuitikiwa hivyo ndani ya nyumba ile.

Nilipeleka chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, na huyu ni mtumishi wa Mungu. Yake sikuweka sukari. Aliinywa yote, akasema, "Aksanti sana, Mama, sukari daktari alinikataza." Nikarudi barazani nimeshindwa.

Jirani yangu, mke wa mtu wa reli kama mimi, akaegemea ukuta mdogo unaotutenganisha. "Ile masomo yao haiishe?"

"Ni kazi ya kanisa," nikasema.

"Eeh. Ya kanisa," akasema, akaenda kuanika nguo zake polepole, akitazama upande wetu.

Sasa niseme juu ya shaba. Baba mkwe wangu, zamani mashine za treni za mvuke zilipokuwa zinavunjwa, alinunua bamba moja la shaba nyekundu, nene, zuri, akaliweka. Alipofariki likawa la mume wangu. Mwaka tulipooana, mume wangu alilitoa ndani ya gunia, akaligonga kwa kifundo cha kidole ili nisikie linavyolia, akaniambia: "Hii njo yako. Nitakutengenezea beseni ya kuogeshea batoto." Watoto walikuja. Waliogeshwa katika plastiki. Walikua, wakaondoka, mmoja yuko Likasi, wengine Lubumbashi. Shaba ikabaki chini ya kitanda chetu ndani ya gunia lake, nami miaka yote nilifagia nikiizunguka. Sikuwahi kumkumbusha. Kitu ulichoahidiwa na mtu aliyekuwa anakutazama usoni, utamkumbushaje?

Siku moja nimetoka sokoni, nikainama kuchukua viatu vya ndani, nikaona chini ya kitanda pako wazi mpaka ukutani.

Nikatoka nyuma. Shaba ilikuwa juu ya meza ya kazi, imesuguliwa, inang'aa kama uso wa mtoto aliyepakwa mafuta. Mama Mchungaji alikuwa ameweka kiganja chake juu yake.

"Inapendeza, Mama, si ndiyo?" akaniambia.

"Inapendeza," nikasema.

Mume wangu hakunitazama. Alikuwa anachochea makaa.

Jioni nilimwuliza.

"Ile shaba, uliniuliza?"

"Ni ya kanisa, Mama. Ni kazi ya Mungu. Unataka nimunyime Mungu?"

"Sisemi Mungu. Nasema minyi."

"Shaba ilikaa miaka yote chini ya kitanda bila kazi."

"Na minyi nilikaa wapi?"

Akavuta sahani yake karibu, akala. Ungekuwa ugomvi ningejua la kufanya. Lakini alikuwa mbali, nilimwona kabisa, alikuwa anafikiria tawi la tatu.

Tangu siku hiyo sikubaki barazani tena. Nilichukua nguo ya kupindia kwa mkono, nikabeba kiti changu, nikakiweka katikati yao. Kama wanasoma, tusome sote. Mama Mchungaji alifurahi, au alijifanya. Mume wangu akasogeza nyundo zake ili nipate nafasi, akaendelea kupiga. Shaba ukiipiga sana inakuwa ngumu na inataka kupasuka. Lazima uirudishe motoni mpaka iwe nyekundu, uizamishe majini, ndipo inakubali tena. Alikuwa ameshatoa kitako na mikono miwili inaanza kuchomoza pembeni, mifupi, kama pembe za mwanambuzi. Kila pigo nililihesabu.

Ubaya ni kwamba hadithi zilikuwa nzuri. Nilikuja kulinda mume, nikajikuta nasubiri ukurasa ufunguliwe. Siku moja Mama Mchungaji alisoma kwamba Musa alielezwa kinara akashindwa kukielewa, akaelezwa tena akashindwa, mpaka Mungu akamwonyesha kinara cha moto mbele ya macho yake. Na hata hivyo akashindwa. Walimu wengine wanasema mwishowe aliambiwa aitupe dhahabu motoni, na kinara kikatoka chenyewe, kwa sababu andiko halisemi "utakifanya" tu, linasema pia "kitafanywa".

Mume wangu akaweka nyundo chini. "Musa mwenyewe?"

"Musa mwenyewe, Baba."

"Basi hata minyi siyo mujinga sana."

Wakacheka wawili. Nami nilitaka kucheka, ilikuwa inachekesha, lakini nikaibana midomo yangu juu ya sindano.

Siku nyingine ilikuwa kesi ya matawi. Mama Mchungaji alitaka yaliyopinda, kama tunavyoona kwenye picha. Lakini alikuwa amesoma kwamba mwalimu mmoja mkubwa alikichora kwa mkono wake, na matawi yake yalikuwa yamenyooka, yanapanda moja kwa moja kama miti ya paa.

"Basi yanyooke," nikasema. "Kama mukubwa wao alichora vile."

Wote wawili wakageuka kunitazama. Mume wangu akasema, "Iliyopinda iko na uzuri zaidi." Mama Mchungaji akasema hilo nalo ni neno, tulifikirie. Kisha wakarudi kwenye yaliyopinda. Nikarudi kwenye upindo wangu.

Halafu ukaja ule mchana. Joto lilikuwa kali, mabati ya kibanda chake cha kazi yanalia. Mama Mchungaji alifungua kitabu, akanigeukia mimi, siyo mume wangu. "Mama, leo niko na ya kwako."

Akasimulia. Kule Misri wanaume wa Israeli walikuwa wanapiga matofali kutwa nzima, wanalala huko huko kazini wamechoka, hawana hamu ya mke wala ya mtoto. Wanawake wakapasha chakula moto, wakachukua vioo vyao, wakawafuata. Mwanamke anakaa karibu na mume wake mwenye matope, anamlisha, kisha anainua kioo ili nyuso zao wawili ziingie mle ndani, anamtania: "Tazama, minyi niko muzuri kukupita." Ndivyo mapenzi yalivyorudi, ndivyo watoto walivyozaliwa, ndivyo taifa halikuisha. Na siku ya kujenga hema la Mungu, wanawake wale wakaleta vioo vyao. Musa akachukia. Vitu vya kujipamba, vya tamaa, vinaingiaje mahali patakatifu? Mungu akamwambia: Pokea. Hivi ninavipenda kuliko vyote.

Niliacha kushona. Nilimkumbuka mume wangu kijana, akitoka atelye mweusi kwa moshi, na mimi nikimpangusa uso kwa ncha ya kitenge changu, nikimwambia huyu sasa ninamfahamu. Nikainua macho nimtazame. Alikuwa anamtazama Mama Mchungaji.

"Vioo vya zamani vilikuwa vya shaba," Mama Mchungaji akaendelea. "Basi wakaviyeyusha, wakatengeneza beseni."

"Beseni ya shaba," nikasema.

"Ndiyo, Mama. Ya makuhani kunawia."

"Bale bamama, balileta beye mwenyewe?"

"Beye mwenyewe. Kwa moyo wao."

"Hakuna mutu alizitoa chini ya kitanda yao?"

Mama Mchungaji akashika miwani yake. Mume wangu akapiga pigo moja mahali pasipohitaji pigo.

"Baba," Mama Mchungaji akasema, "hii shaba ni ya nani?"

"Ya baba yangu."

"Na kisha?"

Akazungusha mpini wa nyundo mkononi.

"Ya bibi yangu, huyu hapa."

Mama Mchungaji akafunga kitabu. Hakupaza sauti. "Andiko linasema Musa apokee kwa mutu ambaye moyo wake unamupa kutoa. Mama, moyo yako ilitoa?"

"Hapana."

"Basi siwezi kuipokea. Munisamehe. Sikujua." Akaweka kitabu ndani ya mfuko wake, akatusalimu, akaondoka kwa miguu juani.

Nilishinda. Nilibaki nimekaa katika kiti changu na ushindi wangu, na mbele yangu mume wangu akiitazama shaba ile yenye mikono miwili mifupi. Uso wake ulikuwa ule wa siku tulipomzika baba yake. Ningependa kujua alikuwa anakililia kinara au alikuwa analilia zile alasiri. Sikumwuliza. Ningeuliza, pengine angejibu.

Akarudi kwenye mbabula zake, na kwenye ukimya. Shati likakaa msumarini. Kanisani kina mama waliniuliza kinara kimefika wapi, nikasema waulize wenye kinara.

Kisha Mama Mchungaji akaja. Safari hii hakupita nyuma. Alikaa barazani, juu ya kigoda cha wateja wangu, akasubiri nimalize mstari niliokuwa nashona.

"Mama, nimesoma tena," akasema. "Kuna wakati Wayahudi walitoka mu vita, wamaskini, dhahabu hakuna, fedha hakuna. Walitengeneza kinara na vyuma tu, nondo kama hizi za kujengea. Walimu hawakukataa. Na wanasema kama siyo dhahabu, haina lazima kutoka mu kipande kimoja."

"Basi anaweza kusude."

"Anaweza."

"Mwambie yeye. Yuko nyuma."

"Hapana, Mama. Weye njo utamwambia."

Alisema vile, akanitazama, nikajua kwamba ameelewa yote, tangu chai isiyo na sukari mpaka hapo. Nilimchukia kwa kuelewa. Ningependa awe mjinga kidogo.

Nilimwambia mume wangu tukiwa mezani. Nilimweleza vita, umaskini, nondo, walimu. Akaacha kula. Akaniuliza: nondo zilikuwa ngapi? Ziliunganishwa namna gani? Nikamjibu nilichojua, na nisichojua nikakitunga kidogo. Alinisikiliza mpaka chakula kikapoa, macho yake yamewaka. Nilitamani macho yale kwa muda mrefu, na sasa yalikuwa yananitazama mimi. Lakini maneno hayakuwa yangu. Ilikuwa kama mtu anakusifia kitenge ulichoazima.

Kinara kikatengenezwa kwa nondo. Akakisudea nyuma ya nyumba, cheche zinaruka, na Mama Mchungaji alikuja mara moja tu kukitazama, akasimama karibu nami. Matawi yalipinda. Kikapakwa rangi ya dhahabu, kikabebwa kanisani na wanaume wa reli.

Jumapili ya kukiweka wakfu mishumaa saba iliwashwa, kina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba kwa Kiluba mpaka mabati yakatetemeka. Mama Mchungaji akamwita mume wangu mbele. Akapiga magoti, naye akamwekea mkono kichwani, akaomba. Ilikuwa sala ndefu. Kila mtu alikuwa amefumba macho ila mimi. Jirani yangu naye alifumbua jicho moja, tukatazamana, nikageuza uso wangu kwenye kitabu cha nyimbo.

Shaba yangu? Baada ya mavuno mume wangu aliikata ile mikono miwili, akakirudisha kitako motoni, akakipiga mpaka kikawa beseni. Ni dogo. Mtoto mchanga haingii. Pembeni kuna makovu mawili ambayo hayakukubali kulainika. Aliliweka juu ya cherehani yangu mimi nikiwa nje, nikalikuta hapo. Nilimwambia aksanti, akasema, "Eyo." Nalitumia kuoshea mchele. Nimelipenda, lakini si lile nililoahidiwa, na yeye anajua.

Mwaka uliofuata kanisa lilimhamisha Mama Mchungaji, likampeleka upande wa Kabondo-Dianda, kule ambako barabara ni mbovu hata kwa pikipiki. Alikuja kuaga asubuhi, mizigo yake imeshafungwa. Mume wangu alikuwa ameitwa atelye, mashine moja ilikuwa imefika kweli. Nikamwambia hayupo. Akasema si neno, amekuja pia kwangu.

Nikachemsha chai. Tukakaa barazani. Hatukuwa na mengi ya kusema bila mume wangu kati yetu, na kitabu chake kilikuwa kimefungwa ndani ya sanduku.

"Mama," nikasema, "hakuna ingine? Ya bamama?"

Akafikiri, halafu akaanza kutabasamu. Akasema kwamba kulikuwa na mapazia ya hema yaliyosokotwa kwa manyoya ya mbuzi, na wanawake ndio waliosokota. Lakini andiko haliandiki kwamba walisokota manyoya. Linaandika kwamba walisokota mbuzi. Basi walimu wakakaa wakauliza: mtu anasokotaje mbuzi? Wakajijibu kwamba wanawake wale walikuwa na ustadi mkubwa hivi kwamba nyuzi walizisokota manyoya yakiwa bado mgongoni mwa mbuzi, mbuzi yuko hai, anatembea.

"Anatembea?"

"Anatembea, Mama. Na bibi anamufuata na uzi yake."

Nikawaza mbuzi wa jirani yangu, yule mwenye jicho moja jeupe, na mimi nyuma yake kuzunguka Kamina nzima, nasokota, napita soko, napita stesheni. Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, Mama Mchungaji naye akavua miwani akajifuta, na watu waliopita njiani wakasimama kututazama. Kisha pikipiki ikapiga honi, akainuka, akanishika mikono yote miwili, akaenda.

Mume wangu aliporudi mchana, mikono ina grisi, aliona vikombe viwili barazani.

"Alikuja?"

"Alikuja kuaga."

"Alisema nini?"

"Amekusalimia," nikasema.

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

Akaenda kunawa. Ile ya mbuzi sikumwambia. Mpaka leo hajui. Mara nyingine tukiwa mezani inanijia, nacheka peke yangu, naye anaacha kula na kuniuliza nacheka nini.